Mtazamaji, Mhakiki na Mtu wa Kisiwani

Kila kazi ya sanaa hupitia mahakama mbili. Ya kwanza hukaa gizani, katika viti vya jumba la sinema, na mahakimu wake ni watu waliolipa kiingilio. Hukumu yao hutolewa kwa kicheko, kwa kimya, kwa machozi, au kwa kuondoka kabla ya mwisho. Ya pili hukaa mezani, mbele ya kalamu na karatasi, na mahakimu wake ni watu waliotazama mengi na kusoma mengi. Hukumu yao hutolewa kwa hoja. Mahakama hizi mbili aghalabu hazisikizani. Ya kwanza huiona ya pili kuwa na choyo cha furaha. Ya pili huiona ya kwanza kuwa na wepesi wa kuridhika. Mwenye kazi husimama katikati, kama mtu aliyeshitakiwa kwa jambo moja katika miji miwili yenye sheria mbalimbali.

Si kila hitilafu ya namna hii yastahili kuchunguzwa. Mara nyingi huwa ni mashindano ya ladha tu, na mashindano ya ladha hayana mshindi. Lakini ipo hitilafu moja iliyozuka juu ya picha ya mtu aliyetupwa kisiwani, nayo ina funzo kwa mwanafunzi wa fasihi. Ajabu yake ni kwamba watazamaji na wahakiki hawakugawanyika kwa upande mmoja kupenda na upande wa pili kuchukia. Wote wawili waliipenda picha, na wote wawili waliilalamikia mahali pamoja, yaani mwishoni. Ila kila upande ulilalamika kwa sababu iliyo kinyume cha sababu ya mwenzake.

Picha hiyo ni Cast Away, iliyotolewa Marekani mwezi wa Desemba mwaka 2000. Mchezo wake ulitungwa na William Broyles, ukaongozwa na Robert Zemeckis, na mchezaji mkuu alikuwa Tom Hanks. Habari yake ni fupi. Chuck Noland ni mtumishi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi iitwayo FedEx. Kazi yake ni kuzunguka dunia, leo Memphis na kesho Moscow, akiwahimiza wafanyakazi washindane na saa. Kwake dakika iliyopotea ni dhambi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1995 anaitwa kazini ghafla. Anaagana na mpenzi wake Kelly kiwanja cha ndege. Naye Kelly amempa saa ya mfukoni ya babu yake, yenye picha yake mwenyewe ndani. Chuck anampa kijisanduku asichokifungua bado, anamwambia kuwa atarudi mara moja, kisha anapanda ndege. Ndege inaanguka katika Bahari ya Pasifiki. Wenzake wote wanakufa. Yeye anatupwa na mawimbi katika kisiwa kisicho na mtu. Anakaa huko miaka minne. Mwishowe anaunda chelezo, anavuka mwamba, anaokotwa na meli, anarudi kwao. Huko anakuta ya kuwa alikwisha kuzikwa, kwa jeneza lisilo na maiti, na Kelly ameolewa na mtu mwingine na ana mtoto.

Hadithi hii ina sehemu tatu: kabla ya kisiwa, kisiwani, na baada ya kisiwa. Juu ya sehemu ya pili mahakama zote mbili zilipatana, na mapatano hayo yafaa kutazamwa kwanza, maana asiyejua watu walipatana wapi hawezi kueleza vema walitengana wapi.

Sehemu ya kisiwani ilipatikana kwa gharama kubwa ya kazi. Kabla ya kuandika, Broyles alikwenda kukaa peke yake siku kadhaa katika pwani ya Ghuba ya California, Meksiko, ajifunze kwa mwili wake kiu na njaa na woga vilivyo. Na inajulikana kuwa mpira uliotupwa ufuoni na maji ndio uliompa wazo la mwenzi wa Chuck. Picha zenyewe zilipigwa katika kisiwa kidogo cha Monuriki, katika visiwa vya Fiji. Sehemu ya kwanza ya kazi ilipokwisha, kazi yote ilisimamishwa kwa muda wa karibu mwaka mzima, ili Hanks, aliyekuwa amenenepa kwa ajili ya sehemu hiyo, apunguze uzito na kuacha nywele na ndevu zikue. Katika muda huo Zemeckis aliongoza picha nyingine na mafundi wale wale. Hivyo mtazamaji aonapo mtu mnene akifunikwa na giza, kisha baada ya miaka minne akimwona mtu mwembamba aliyekaushwa na jua, amesimama juu ya jiwe na mkuki mkononi, hadanganywi na rangi za usoni. Mwili ule ulipita kweli katika safari fulani.

Tena kuna kimya. Tangu ndege ianguke hadi chelezo kivuke mwamba hakuna muziki hata kidogo. Huna budi kusikia upepo, mawimbi, nazi zinazoanguka usiku, na pumzi za mtu mmoja. Muziki wa Alan Silvestri huanza tu Chuck anapokigeukia kisiwa na kukiona kikififia nyuma yake. Wahakiki walilisifu jambo hili kuwa ni ushujaa, maana picha nyingi huogopa kimya kama mtoto aogopavyo giza. Watazamaji wengi hawakutambua kwamba muziki haukuwapo. Walitambua tu kwamba walikuwa wakivuta pumzi pamoja na mtu yule. Njia zilikuwa mbili. Waliyoyafikia yalikuwa mamoja.

Na zaidi ya yote kuna kazi ya mikono. Vifurushi vinaletwa ufuoni na mawimbi, na Chuck anavifungua kimoja kimoja. Ndani hamna alichokihitaji, lakini haja humfundisha. Viatu vya kutelezea juu ya barafu vinakuwa kisu, na baadaye vinakuwa koleo la kung'olea jino bovu. Gauni la kike lenye kitambaa cha wavu linakuwa wavu wa kuvulia samaki. Kanda za video zinakuwa kamba. Na mpira wa wavu, uliotiwa alama ya kiganja chenye damu, unachorwa uso, unapewa jina la Wilson, jina la kampuni iliyoutengeneza, unakuwa msikilizaji. Kisha kuna moto. Chuck anapekecha kijiti juu ya ubao hadi ngozi ya viganja inachunika. Anashindwa, anakasirika, anarudia, na moto unapowaka anaucheza na kuuimbia. Mtu yeyote aliyepata kupekecha moto, au aliyemwona mzee akipekecha, anajua kuwa furaha ile haikuzidishwa. Hapa mhakiki hakuwa na la kuongeza juu ya neno la mtazamaji, wala mtazamaji juu ya neno la mhakiki. Wilson alipochukuliwa na maji katika safari ya chelezo, watu wazima walilia kwa ajili ya mpira, na wasomi wakaandika bila ya haya kwamba nao waliguswa.

Mapatano hayo yalifuatwa na ugomvi. Upo ugomvi mdogo, ambao utapitwa upesi. Wahakiki wengine walinung'unika kwamba picha ilikuwa tangazo refu la kampuni ya vifurushi. FedEx haikulipa fedha ili jina lake litumiwe, ingawa ilifungua milango ya vituo vyake; na jina la kweli lilimfaa mtunzi, kwa kuwa mtu aliyeabudu mwendo wa kampuni ya kweli alipaswa kutupwa mahali pasipo mwendo. Wengine walikasirishwa na kionjo cha picha kilichoonyeshwa kabla ya kutolewa kwake, ambacho kilifichua kwamba Chuck atarudi. Mhakiki aliona kuwa ameibiwa shaka. Lakini umati ulikwenda hata hivyo. Huenda walikwenda kwa kuwa walijua, kama mtoto atakavyo asimuliwe tena hadithi ya jana, asiyetaka kujua kitakachotokea ila kitakavyotokea.

Ugomvi mkubwa ni juu ya mwisho. Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliyefariki mwaka 2013 na aliyekuwa mmoja wa wahakiki waliosomwa sana katika nchi yake, alimsifu Hanks kwa uwezo wa kuibeba picha mabegani peke yake. Hata hivyo aliona kuwa hadithi nyepesi yenye nguvu imezungushiwa mambo yasiyo ya lazima, na kwamba sehemu ya tatu kwanza inamvunja mtu moyo na kisha inamaliza kwa mzaha wa kulazimishwa. Hakuwa peke yake. Wengi wa kalamu waliona hivyo: kisiwa ndicho picha, na yaliyobaki ni kiambatisho. Katika rai hiyo, kama chelezo kingekutana na meli na pazia likashuka, kazi ingekuwa kamili kama yai.

Watazamaji nao walilalamika, lakini si kwa kuwa mwisho ulikuwa mrefu. Walilalamika kwa kuwa ulikuwa mchungu. Mtu amevumilia miaka minne akiitazama picha ya mwanamke katika saa iliyosimama, amerudi, mwanamke anakiri kuwa bado anampenda, na bado anamrudisha kwa mume na mtoto wake, usiku, katika mvua! Haki iko wapi? Tena kuna kifurushi. Kati ya vifurushi vyote, Chuck aliacha kimoja bila kukifungua, chenye alama ya mbawa, akasafiri nacho katika chelezo, akakipeleka kwa mwenyewe huko Texas. Hakikufunguliwa hata huko. Kwa miaka mingi watu waliulizana kilichomo. Mwaka 2003 kampuni yenyewe ya FedEx ilifanya tangazo la mzaha juu ya swali hilo: mtu mwenye ndevu anafikisha kifurushi, anauliza kilichomo, anaambiwa kuwa ni simu ya setilaiti, chombo cha kuonyesha njia, ndoana, kichujio cha maji na mbegu. Mzaha huo ulichekesha kwa sababu ulikuta kiu ya kweli.

Basi pande mbili zilisimama mbele ya mlango mmoja. Mhakiki alisema, "Mlango huu haukuhitajiwa." Mtazamaji alisema, "Mlango huu haukufunguliwa." Kila mmoja alipima kwa kipimo alichokuja nacho. Kipimo cha mhakiki ni umbo. Ametazama picha nyingi, anajua zinavyonyooka na zinavyopinda, na jicho lake huumia lionapo mkia mrefu kwa mnyama mfupi. Kipimo cha mtazamaji ni haki. Amelelewa katika mithali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu, na amemwona mvumilivu wake akirudi kuuta mti wake umekwisha kuchumwa. Vipimo hivi vyote viwili ni halali. Kazi isiyo na umbo ni mzigo usiofungwa. Kazi isiyojali haki ni baridi. Kosa si kuwa na kipimo. Kosa ni kudhani kuwa kitu kisichoenea katika kipimo chako hakina kiasi.

Habari ya mtu aliyepotea na kurudi ni kongwe kuliko sinema, na tangu zamani ugumu wake haukuwa katika kupotea bali katika kurudi. Homer, katika Odyssey, alimrudisha shujaa wake baada ya miaka ishirini, akamkutisha mke aliyemngoja. Lakini ilimbidi kuijaza nyumba wachumba, na kuwaua, ili marudio hayo yawezekane. Daniel Defoe, aliyemtunga Robinson Crusoe mwaka 1719, alilikwepa swali. Mtu wake alikaa kisiwani miaka ishirini na minane, lakini hakuacha mke nyuma, na aliporudi kilichomngoja kilikuwa mali ya shamba lake la Brazil. Tennyson, mwaka 1864, katika utenzi wake wa Enoch Arden, alilikabili. Baharia wake anarudi kutoka kisiwani, anamchungulia mkewe dirishani, anamwona na mume mwingine na mtoto, anaondoka kimya, na hajitambulishi hadi saa ya kufa.

Wala swali hili si la washairi tu. Wanasheria walilazimishwa kulijibu, kwa kuwa bahari na vita na safari havikuacha kuchukua watu. Sheria ya Kiingereza iliweka muda wa miaka saba, baada yake aliyepotea bila habari huhesabiwa kuwa amekufa. Katika fikihi ya Kiislamu, madhehebu ya Imamu Malik yalimpa mke wa aliyepotea miaka minne ya kungoja, kisha eda ya miezi minne na siku kumi kama mke wa maiti, ndipo aolewe. Mafakihi wakajadiliana sana juu ya hukumu ya mume atokeapo akiwa hai baada ya hayo yote. Kelly hakuwa mke wa Chuck, na picha haikutungwa kwa kufuata kitabu cha sheria yoyote. Lakini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako bahari imekuwa njia ya riziki na kaburi pia, hapaswi kuelezwa kwa nini wataalamu wa dini walihangaika na miaka minne. Pasipo maiti hapana matanga yanayotosheleza. Anayengoja hajui kama yeye ni mjane au ni msaliti.

Ikiwa hivyo ndivyo, sehemu ya tatu si kiambatisho. Kisiwani Chuck alishindana na bahari, na bahari haina uso. Katika sehemu ya tatu anashindana na jambo lisiloweza kupigwa mkuki, nalo ni kwamba wakati haukumngoja. Mwanzoni mwa picha aliwahubiria watu kuwa saa haina huruma. Alisema neno kweli bila kulijua. Rafiki yake Stan alikuwa na mke mgonjwa. Chuck anarudi na kukuta mke yule amekufa, naye hakuwapo kumzika. Kelly ameihifadhi gari yake, na katika nyumba ya mume mwingine amehifadhi ramani ya bahari walikomtafuta. Ramani ile inatosha kujibu mashitaka kwamba alisahau upesi. Hakusahau, aliishi. Kusahau na kuishi ni mambo mawili, ingawa kwa mtu anayerudi yana uso mmoja.

Na ipo hoja nyingine, iliyo kubwa zaidi kwa mhakiki apendaye umbo. Baada ya karamu ya kumpokea, wageni wameondoka. Chuck amebaki chumbani mbele ya meza iliyojaa mabaki ya samaki na kaa. Anashika mguu wa kaa uliopikwa na wengine, anautazama, anauweka. Anachukua kiberiti cha gesi, anakibonyeza kwa kidole gumba, moto unatoka. Anakizima, anakiwasha tena. Usiku analala sakafuni kando ya kitanda. Hakuna neno linalosemwa. Lakini mtazamaji aliyeona viganja vilivyochunika kwa ajili ya moto anauona moto ule wa kidole gumba kwa macho mengine. Bila ya sehemu ya tatu, kupekecha kule kungekuwa ushindi wa mtu mmoja juu ya kijiti. Kwa ajili ya sehemu ya tatu kunakuwa kipimo cha dunia yote iliyo na vitu na isiyojua thamani yake. Yai ambalo wahakiki walilitaka liwe kamili lingekuwa kamili kweli, lakini lisingeanguliwa.

Mtazamaji naye ana la kujibiwa. Alitaka kifurushi kifunguliwe. Lakini vifurushi vilivyofunguliwa vyote vilikuwa vitu. Vilimpa Chuck kisu na wavu na kamba, vikamhifadhi mwili. Kile kisichofunguliwa kilimpa wajibu. Mtu aliye na mzigo wa mwenziwe mkononi hajawa peke yake kabisa, kwa kuwa yuko mtu fulani mahali fulani anayemdai. Ndiyo sababu aliandika, alipokiacha mlangoni pa mwenyewe, kwamba kifurushi kile kiliokoa maisha yake. Kama kingefunguliwa, hata kama ndani mngekuwa na dhahabu, kingekuwa kitu kimoja zaidi katika orodha.

Alitaka pia Kelly arudi. Matakwa hayo ni mema, na moyo usioyatamani una kasoro. Lakini haki aliyoitaka kwa Chuck ingekuwa dhuluma kwa mtoto aliyelala ndani ya nyumba ile. Picha haikumnyima mtazamaji haki. Ilimwonyesha mahali ambapo haki mbili zimekutana na hakuna nafasi ila ya moja. Chuck mwenyewe anayasema hayo kwa Stan, kwa maneno machache: kwamba amempoteza mara ya pili, kwamba anajua sasa la kufanya, nalo ni kuendelea kuvuta pumzi, kwa kuwa kesho jua litachomoza, na hapana ajuaye maji yatakayoleta. Kisiwani maji yalimletea bamba la plastiki akalifanya tanga. Si faraja kubwa. Lakini ni faraja ambayo mtu aliyefiwa anaweza kuitumia, na zile kubwa aghalabu hawezi.

Uadilifu wataka mhakiki apewe haki yake pia. Katika dakika za mwisho kabisa Chuck amesimama katika njia panda huko Texas, na mwanamke mwenye alama ya mbawa anapita na gari, anamwelekeza njia, anatabasamu. Hapo mtunzi ameingiza mkono wake. Baada ya kutuonyesha kwamba dunia hailipi deni kwa mtu aliyeteseka, anatoa malipo ya awali. Mhakiki aliyekunja uso mbele ya tabasamu lile hakukosea. Alikosea tu alipoitupa nyumba nzima kwa ajili ya kizingiti.

Watu hupenda kumaliza mabishano ya namna hii kwa hesabu. Picha ile iligharimu dola milioni 90, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 katika dunia nzima. Hanks alipewa tuzo ya Golden Globe mwaka 2001, akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar asiipate. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini hazijibu swali. Kiingilio hulipwa kabla ya kutazama. Huonyesha tumaini la mtu alipokuwa anaingia, hakionyeshi moyo wake alipokuwa anatoka. Na visiwa vya sinema vina ushahidi wa kila namna. Mwaka 1960 Ken Annakin alipiga picha ya Swiss Family Robinson huko Tobago, akakusanya katika kisiwa kimoja tembo, chui milia, mbuni na pundamilia, wanyama ambao dunia haikuwaweka pamoja. Mwenye elimu angeweza kuicheka. Watoto waliifurahia, na nyumba yake ya mtini ikajengwa mwaka 1962 katika bustani ya Disneyland wapate kuipanda. Mwaka 2016 Michael Dudok de Wit alitoa The Red Turtle, picha ya kuchorwa juu ya mtu aliyetupwa kisiwani, isiyo na mazungumzo hata neno moja. Iliheshimiwa kwa tuzo huko Cannes na kupendekezwa kwa Oscar; umati haukuja. Mwenye kusema kuwa wengi hawakosei, na mwenye kusema kuwa wengi hukosea daima, wote wawili wataona ushahidi wao hapo, na hivyo hakuna aliyeupata.

Katika jambo hili mwanafunzi ana hatari yake. Anapoingia chuoni yeye ni mtazamaji. Hulia palipo na kilio na hucheka palipo na kicheko, na hana jina la kukipa kilichompata. Chuo humpa majina: umbo, kilele, ishara, kiambatisho. Zawadi hii ni ya thamani. Lakini baada ya miaka michache huweza kutokea kwamba anaketi gizani na kalamu imekwisha kuamka kabla ya moyo. Anaona kiberiti mkononi mwa Chuck na kusema, "Hii ni ishara," asione mtu aliyechoka ambaye hawezi kulala kitandani. Siku hiyo amepata elimu na amepoteza kitu kilichopaswa kuelimishwa. Aliyebaki mtazamaji tu naye ana hasara yake: hulalamikia mwisho mchungu kama mgonjwa alalamikiavyo dawa, asiulize imetiwa nini.

Si lazima mmoja amshinde mwenziwe. Kuna mpango uwafaao wote wawili, nao ni wa zamu. Kwanza mtu na atazame kama yule aliyelipa kiingilio, aache aumizwe na afurahishwe, wala asijihadhari. Kisha na akae mezani aulize: niliumizwa na nini, na je, kilikuwa na haki ya kuniumiza? Mhakiki asiyeipita zamu ya kwanza hana cha kuhakiki, anapima kivuli. Mtazamaji asiyefika zamu ya pili hajui alichopewa. Lililo kosa ni kugeuza zamu, kuhukumu kwanza na kutazama baadaye, na kosa hilo hufanywa na wasomi na wasiosoma kwa usawa.

Katika habari hii yuko pia mtu wa tatu, ambaye hakuandika gazetini wala hakubishana mlangoni pa jumba la sinema. Ni yule aliyewahi kumngoja mtu asirudi, au aliyerudi akakuta nafasi yake imekaliwa. Yeye hakuuona mwisho kuwa mrefu, wala hakuuona kuwa una dhuluma. Aliuona kuwa ni sawasawa. Hukumu yake haina hoja kama ya mhakiki, wala kelele kama ya umati, lakini kila anayetaka kusema juu ya picha ya mtu aliyepotea na aketi kwanza karibu naye, amsikilize anavyonyamaza.